Nukta Nje ya Mstari

Shangazi yangu ni mchora ramani chuo kikuu, na hachori kitu ambacho hajathibitishiwa. Miaka mingi kazi yake imekuwa mlima mmoja. Mtaalamu wa mawe huleta karatasi yake, wa mimea yake, wa maji yake, na mama mmoja wa lugha anayezunguka vijijini kuuliza watu wanajiitaje. Shangazi huzipandanisha zote juu ya meza ya kioo yenye taa chini, chai yake ikipoa dirishani, maana mezani ni marufuku.

Juzi wasomi wakashindwa kukubaliana mlima unaishia wapi. Wa mawe akasema pale mwamba unapokoma. Wa mimea, pale miti inapobadilika. Mama wa lugha akakaza shingo: unaishia pale watu wanapoacha kujiita wa mlimani. Wakubwa walitaka mstari mmoja tu, ukapita wa mwamba. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi alikuwa bibi, mama yake shangazi. Nyumba yake iliangukia nje ya mstari kwa upana wa ukucha, kwenye weupe mtupu.

Bibi macho yanafifia. Ombi lake lilikuwa moja: aione nyumba yake kwenye ramani ya mwanawe kabla hayajazimika.

"Shangazi, kasogeze kidogo hako kamstari. Nani atajua?"

"Mimi." Akaniangalia kama nimemtukana.

Akachora kama walivyoamua. Kabla ramani haijaenda kuchapishwa, tukampelekea bibi kitandani. Akaisogeza mpaka puani.

"Niko wapi, mwanangu?"

Shangazi akamshika kidole, akakiweka kwenye weupe.

"Hapa, mama. Ila wamesema hapa si mlimani."

"Wasemavyo sawa. Aliye juu ya mlima atauona vipi? Mimi ndiye niliyeuona kila asubuhi. Na wewe nilikuzaa wapi?"

"Hapa hapa, mama."

"Sasa hilo nalo mpaka msomi aje aseme?"

Shangazi akatoa penseli, akakoleza nukta moja nyeusi pale pale. Bibi akafinya macho, kisha akacheka kwa sauti.

"Naiona!"

Ramani sasa imetundikwa ofisini, na nukta ipo, haina jina. Mtaalamu wa mawe alipoikuta akauliza imetoka wapi.

"Nimethibitishiwa," akasema shangazi, "na mtu aliyekuwepo."