Siku Mzee Aliponishusha Farasini

Jumanne asubuhi nilikuwa nagawa dawa katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, hapa Scarborough, simu ikatetemeka mfukoni mara tatu mfululizo. Kwa kawaida siitazami nikiwa kazini. Safari hii niliitazama, nikakuta ujumbe kutoka kwa binti wa mtu mmoja ambaye niliwahi kuandika juu yake barua mbaya kuliko zote nilizoandika maishani: "Baba ameaga leo alfajiri. Ni ule moyo." Nilimaliza kugawa dawa, kwa sababu dawa hazisubiri, kisha nikaingia chumba cha mashuka nikakaa huko mpaka mwenzangu aliponitafuta. Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka kwamba mwaka juzi niliwatangazia, hapa hapa kwenye safu hii, kwamba ningeshiriki mashindano ya kuruka viunzi kwa farasi. Niliwaomba mniombee, halafu nikanyamaza kana kwamba sikuwahi kusema kitu. Wengine mliniandikia kuuliza yaliyotokea. Sikuwajibu. Leo nitawajibu, maana huyu aliyefariki ndiye aliyenizuia.

Alikuwa Mkenya, mtoto wa saisi, yaani mtunza farasi, na yeye mwenyewe alikuwa saisi wa farasi wa mbio jijini Nairobi kabla ya kuja Kanada. Aliishi Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, na kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye mabanda ya farasi wa mbio. Uzeeni alihamia shamba moja lililo mwendo wa saa moja kaskazini mwa jiji, ambako farasi waliostaafu mbio hufundishwa kazi nyingine. Farasi wa mbio huanza kazi akiwa mtoto wa miaka miwili, na wengi huambiwa basi wakiwa na mitano au sita, ilhali wana miaka mingine ishirini ya kuishi. Mtu lazima awafundishe jambo jingine, la sivyo hawana pa kwenda. Nilimfuata nikitaka kumhoji kwa ajili ya makala moja tu. Nilimwamkia shikamoo, akacheka sana, akasema tangu aache vitabu vya shule hakuna aliyempa shikamoo. Kisha akanipa brashi, akasema hahojiwi na mtu ambaye hajawahi kumsugua farasi. Nilisugua. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine, mpaka makala nikaisahau. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na sijawahi kupanda hata punda.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba wale farasi, pamoja na mbio zao zote, walikuwa hawajui mambo mengi kama mimi. Hawakujua kusimama mtu akiwapanda, kwa kuwa mpanda farasi wa mbio hurushwa mgongoni huku farasi anatembea. Hawakujua kukata kona ya kulia, kwa kuwa huku mbio zote huzunguka kushoto. Ukiwaelekeza kulia wanakakamaa shingo kama mtu aliyelalia mto vibaya. Mzee alinipa farasi mmoja wa kahawia, mrefu, mwenye kovu kwenye bega, akaniambia tutajifunza pamoja, yeye kwenda kulia na mimi kukaa. Alimwita Mkwe. Nilipouliza kwa nini, alisema ni kwa sababu utamheshimu hata akikuudhi.

Katika mwezi wangu wa nne, upepo ulifumua turubai lililofunika marobota ya nyasi kavu kando ya uwanja. Tulikuwa kwenye mwendo wa mchakamchaka. Mkwe aliinua kichwa, mgongo wake ukawa mgumu chini yangu, kisha akatoka mbio. Nilivuta hatamu. Akaongeza mwendo. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, mabega yakiuma, naye akazidi, na ukuta wa mbao ukapita karibu na goti langu kiasi kwamba nilisikia suruali ikikwaruzwa. Mzee alikuwa katikati ya uwanja. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Nilipopita mbele yake nilimsikia akisema, kama anayeniomba chumvi mezani, "Legeza mikono, mama." Nilidhani amechanganyikiwa. Mzunguko wa pili akarudia. Mzunguko wa tatu, kwa kukata tamaa tu, nikalegeza, nikiwa na hakika kwamba nakufa. Mkwe akaenda nusu mzunguko zaidi, akashusha kichwa, akapunguza, akatembea. Nilishuka nikakaa mchangani. Mzee alinieleza pale pale kwamba farasi hakukosa adabu. Kwa miaka minne, aliyekuwa mgongoni akikaza hatamu ilimaanisha kazi imeanza. Mimi nilimwambia kimbia, naye alitii. Toka siku hiyo nilimwamini Mzee kuliko ninavyowaamini madaktari ninaofanya nao kazi, na nawaambieni hili ili mjue nilichokuja kukivunja.

Mwaka mmoja baadaye alisema tuko tayari kwa mashindano madogo, ya wanaoanza. Viunzi vinane, urefu wake usiofika kiunoni. Mimi nikavivumisha kama kombe la dunia. Niliwaandikia ninyi. Nilimwambia kila mtu msikitini. Siku yenyewe, Jumapili ya mwezi wa sita, mume wangu alikuja na binti yangu, dada yangu akaja na sufuria la pilau, na kina mama wanne wakapanda gari moja wakaja na mabuibui yao mpaka kwenye shamba la Wazungu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, alikuwa ameshika simu tayari kunirekodi. Sijawahi kuona familia yangu ikinitazama vile.

Nambari yangu ilitajwa kwenye kipaza sauti. Nilisogea hadi langoni, na mama mmoja mwenye orodha akafungua lango. Hapo ndipo Mzee alipotoka pembeni akashika hatamu ya Mkwe chini ya kidevu.

"Shuka," alisema.

Nilidhani tandiko limelegea. Nikamuuliza kuna nini.

"Shuka, mama. Leo hapana."

Nilimwambia watu wote wale wamenijia mimi. Alisema anajua. Nikamtaka anitajie kitu kimoja tu, mguu upi, mgongo, nini, ili nikishuka niwe na la kuwaambia. Alimtazama farasi, akanitazama mimi. "Hayuko sawa," alisema. "Siwezi kukuonyesha." Mama mwenye orodha aliuliza kama tunaingia au hatuingii, na akatukumbusha kwamba tuna dakika moja. Nitawaambia ukweli wa kilichofuata. Nilibana miguu kwenye mbavu za farasi ili aende mbele, hali Mzee amemshikilia. Mkwe alirusha kichwa, kiatu cha Mzee kikakanyagwa na kwato, naye hakuachia. Hakunifokea. Alisimama tu, amekunja uso kwa maumivu, mkono kwenye hatamu. Nilimsikia dada yangu kule kwenye uzio akiuliza kuna nini. Dakika ikaisha. Lango likafungwa. Nikashuka nikilia kwa hasira, nikawapita watu wangu bila kuwaangalia, na pilau ililiwa kwenye maegesho.

Jumatatu daktari wa mifugo alimpima Mkwe kuanzia kwato hadi meno, hakuona kitu. Wiki hiyo hiyo nikaomba aletwe daktari wa pili. Naye hakuona kitu. Nilipopata majibu hayo niliketi nikamwandikia mwenye shamba barua. Mimi ni mwandishi. Najua sentensi ipi iwekwe wapi. Niliandika kwamba Mzee ana umri mkubwa, kwamba anaamua mambo kwa hisia bila ushahidi, na kwamba amenidhalilisha mbele ya familia. Hakukuwa na uongo humo, lakini niliipanga ili imuumize. Mwenye shamba alimwondolea wanafunzi wote, akamwachia kusafisha mabanda na kuwapokea farasi wapya. Mimi nikapewa mwalimu mwingine. Mwezi wa tisa nikamwingiza Mkwe kwenye mashindano ya aina ile ile, tukaruka viunzi vyote vinane, tukawa wa nne. Hakuna kilichovunjika wala aliyeanguka. Sikuwaandikia habari hizo kwa sababu ningelazimika kuwaeleza pia habari za mwezi wa sita, na ingawa nilijiona nina haki, sikutaka kuisimulia haki yenyewe.

Najua mnasubiri niwaambie kwamba baadaye farasi aligundulika na ufa kwenye mfupa. Hakugundulika. Mpaka leo ni mzima, anakula vizuri, na bado hapendi kukata kona ya kulia.

Kilichotokea kilitokea kazini kwangu, mwezi wa pili mwaka jana. Kuna bibi mmoja tuliyemlea, mwenye miaka themanini na minne, na siku hiyo ilikuwa harusi ya mjukuu wake. Mwanawe alikuja kumchukua, amevaa suti, na bibi alikuwa ameshavishwa na kupakwa wanja. Nilimpima: presha sawa, sukari sawa, joto sawa. Nikamtazama alivyokuwa ameshika kikombe, nikaona hayuko sawa. Nilimpigia daktari simu, akasema kama vipimo ni vizuri basi uamuzi ni wangu. Nikakataa kutia saini ruhusa ya kutoka. Yule mwana, mtu mzima, alilia mbele yangu. Alisema mama yake hana harusi nyingine ya kusubiri. Wangeweza kumchukua kwa nguvu, lakini hawakuthubutu. Nilikaa na yule bibi mchana kutwa, nampima kila nusu saa, moyo wangu ukidunda kuliko wake, nikiomba, Mungu anisamehe, lijitokeze jambo dogo tu la kunithibitisha. Halikutokea jambo. Asubuhi yake alikunywa chai na kuuliza nani alicheza. Wiki iliyofuata familia ilileta barua ya malalamiko. Imeandikwa vizuri sana. Meneja aliniita akaniuliza niliona nini, nikafungua mdomo nikajikuta nasema kwamba bibi hakuwa sawa na siwezi kumwonyesha.

Jumamosi hiyo nilikwenda shambani. Mzee alikuwa bandani na farasi jike mgeni, amefika wiki ile ile kutoka kwenye mbio, macho yamemtoka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama tulionana jana. Nilimweleza habari za bibi. Nilimweleza pia habari za barua, akasema aliisoma, mwenye shamba alimpa, na kwamba Kiingereza changu ni kizuri. Nikaomba msamaha. Aliniacha nilie kwanza. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba muda wote: siku ile aliona nini hasa.

"Sikuona kitu, mama. Masikio yake, alivyokuwa amesimama. Labda alikuwa na usingizi tu."

"Kwa hiyo huenda ulikosea."

"Huenda. Nimewashusha watu wengi mimi. Kumi, kumi na wawili. Wengi wao nadhani nilikosea."

"Na yule ambaye hukukosea?"

Aliendelea kumsugua yule jike shingoni, polepole, mpaka kichwa chake kikaanza kushuka.

"Huyo simjui," alisema. "Na yeye hajijui. Anatembea tu huko, amenikasirikia."

Nilimwendea mwenye shamba siku hiyo hiyo nikaifuta barua yangu. Ilichukua muda, lakini majira ya kuchipua yalipofika Mzee alirudishiwa wanafunzi, nami nikawa wa kwanza kwenye orodha. Alinifundisha mwaka mmoja zaidi. Katika mwaka huo alinishusha tena mara moja, asubuhi moja ya kawaida, bila mashindano wala watazamaji, na hakunipa sababu. Nilishuka.

Jumamosi tulimuaga katika kanisa moja Rexdale. Watu walialikwa kusema neno, na wengi walisimulia farasi aliowaokoa, wale waliokuwa hawana pa kwenda. Ilipofika zamu yangu nilisema kwamba alinishusha farasini, kwamba nilimshtaki kwa barua, na kwamba barua ile haikuwa ya haki. Binti yake aliitikia kwa kichwa. Nyuma kabisa alisimama mwanamume mmoja nisiyemfahamu, wa makamo, akasema naye alishushwa, zamani, na alihama shamba kwa hasira bila kuaga. Akakaa.

Wengi wetu katika jiji hili tunafanya kazi za kulinda: tunawauguza watu, tunawaendesha, tunakagua lifti na nyaya, tunakaa milangoni. Anayeokoa mtu majini hupigiwa makofi. Anayemzuia mtu asiingie majini hupewa malalamiko, na hana cha kujitetea, maana ajali aliyoizuia haikutokea na haiwezi kuitwa shahidi. Mzee alibeba malalamiko ya namna hiyo maisha yake yote, na bado kila asubuhi alisimama langoni akiwa tayari kuchukiwa tena. Sijui kama mimi ndiye yule mmoja. Nimeshaacha kutafuta jibu. Ninachowaomba ni kidogo: siku mtu anayeijua kazi yake akikushika mkono akakwambia leo hapana, na akashindwa kukuonyesha sababu, kasirika ukitaka. Lakini shuka kwanza.