Kibao Mbele ya Nyumba ya Kocha Haggerty

Siku ya kwanza kumwona Kocha Haggerty alikuwa amebeba jiko. Ilikuwa Agosti, jua la Nebraska limeshuka mpaka mabegani mwa watu, na mimi nilikuwa narudi kutoka chuoni kupaka mistari ya chokaa uwanjani. Lori lilisimama mbele ya nyumba inayotazamana na yangu, na mtu mfupi, mpana, tai bado iko shingoni, alikuwa anapanda ngazi na lile jiko la chuma kalikumbatia kama mpiga mieleka anayetaka kuliangusha.

Mkewe alikuwa amekaa juu ya sanduku kwenye nyasi, anakula pichi.

"Wewe ndiye jirani?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi msaidie kabla hajapasuka. Lakini hili nililokalia usiliguse. Lina sahani za harusi yangu. Huu ni mji wa saba, na sijalifungua bado. Najua nikilifungua tu, siku ya pili tunahama."

"Nadine!" kocha akaita kutoka ndani. "Huu ni wa mwisho!"

"Hata wa sita ulikuwa wa mwisho, mume wangu," akajibu, akatema kokwa.

Hivyo ndivyo nilivyowajua, na hivyo ndivyo nilivyojua kila mmoja anataka nini. Kocha alitaka chuo kikubwa, kile ambacho Jumamosi watu wanajaa uwanjani wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima. Alikuwa amekipandia mji baada ya mji, kama mtu anayepanda ngazi gizani, anapapasa kila kidato. Bi Nadine alitaka kufungua sanduku lake.

Chuo chetu hapa Brezina ni kidogo, cha kanisa, na kocha mkuu alikuwa mtu wa kila kazi. Asubuhi alifundisha historia. Mchana alifundisha mpira, ule wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi. Jumamosi za ugenini aliendesha basi mwenyewe, na jezi zilizochanika alizishona kwa cherehani ya mkewe. Akienda mashambani kumtafuta kijana wa kuchezea timu, alikamua ng'ombe na baba wa kijana kwanza, ndipo akazungumza. Mama Kucera, yaani mama yangu mzazi, alisema hajapata kuona mtu wa mjini anayekamua vizuri hivyo na bado anafungwa kila Jumamosi.

Maana mwanzoni tulifungwa sana. Na kwetu timu ikifungwa, watu hawamfuati kocha kumtukana. Wanachukua kibao cha dalali, kile cha NYUMBA INAUZWA, wanakwenda kukisimika kwenye nyasi za kocha wakati amelala. Ndiyo desturi. Hakuna anayemchukia. Jumatatu mtu yuleyule aliyekisimika humlipia kahawa.

Ludvik, mwenye duka la mbegu, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Kocha," alimwambia siku moja mkahawani, "bibi yangu ana nyonga mbovu, lakini ule mpira wa mwisho angekimbia nao mpaka mstarini."

"Mlete Jumatatu," kocha akasema. "Nina jezi inayomtosha."

"Haitamtosha, kocha. Yule bibi anakula."

Wakacheka, na kocha akacheka nao, lakini nilimwona anavyokoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Mimi huamka mapema kuliko mtaa. Jumapili ile ya kwanza nilipokiona kibao, nilimkumbuka Bi Nadine na sanduku lake, nikavuka barabara, nikaking'oa. Nikakirudisha kwa mlango wa nyuma wa Sobotka, dalali wetu. Toka hapo ikawa kazi yangu kila tulipofungwa. Sobotka alikuwa akinipokea na nguo zake za kulalia. "Emil," aliniambia, "wewe ndiye mfanyakazi wangu bora. Vibao unavyorudisha ni vingi kuliko nyumba ninazouza." Sikumwambia kocha, wala yeye hakuniuliza. Nadhani alifikiri watu wa Brezina ni wapole.

Miaka ikapita, timu ikaanza kusimama. Vijana wale wa mashambani walikuwa wazito, lakini walimpenda, na mtu anayependa hachoki upesi. Ukaja msimu ambao tulifungwa mchezo mmoja tu. Ludvik alinyamaza mpaka mkewe akamwita daktari. Watu walileta kolachi, vile vimkate vitamu vya matunda, na sufuria za maharage ya pilipili kwenye baraza la kocha hadi Bi Nadine akaanza kutupelekea sisi majirani.

Jumapili baada ya ushindi wa mwisho nikaamka, nikatazama ng'ambo, nikaona kibao.

Nilikasirika, na mimi si mtu wa hasira. Tumeshinda, halafu mtu anafanya hivi? Nikaking'oa, nikakiegemeza nyuma ya banda langu. Jumatatu kipo kingine. Nikang'oa. Jumanne nilitoka mapema zaidi nikiwa na nia ya kumkamata huyo mtu. Kibao cha tatu kilikuwa kimesimama tayari. Nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili nakitikisa mlango ulipofunguka, kocha akatoka na ndara, kikombe mkononi.

"Emil! Unafanya nini na kibao changu?"

"Naking'oa, kocha. Kuna mpumbavu mmoja anakiweka."

"Mpumbavu ni mimi," akasema.

Akashuka ngazi taratibu, akaanza kunong'ona. Chuo kimoja kikubwa cha kusini kilikuwa kimempigia simu Ijumaa. Kocha mkuu. Uwanja wa ghorofa. Nyumba ya bure, na watu wa kushona jezi.

"Na Bi Nadine?" nikauliza.

"Amekubali."

"Amesema?"

"Hajasema kitu. Nimekisimika pale anapokiona akifungua pazia, siku tatu hizi. Mchana nakuta hakipo, nadhani ni watoto, usiku naweka kingine. Asubuhi ananipa mayai, ananiuliza kama koo langu limepona. Angekuwa na neno angelisema. Namjua."

Nikaelewa, na mikono ikawa mizito juu ya ile mbao. Mtu huyu aliyeweza kumpigia kelele kijana wa ng'ambo ya uwanja kwenye upepo wa Novemba, alikuwa ameshindwa kumwambia mkewe neno moja, akakiachia kibao kimwambie. Na kibao nilikuwa nimekiondoa mimi, kila siku, kabla pazia halijafunguliwa.

"Kocha," nikasema, "hajakiona."

"Nini?"

"Viwili vya kwanza viko nyuma ya banda langu."

Kabla hajajibu dirisha likafunguka. Bi Nadine alichungulia na nywele zake kwenye vibanio.

"Emil, mbona unapigana na majani yangu asubuhi yote hii? Hicho nini?" Akasoma. Akacheka. "Haya, watu wa hapa hawashibi. Tumeshinda na bado!" Halafu akamtazama mumewe usoni, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Akatoka. Nikasema nina kazi uwanjani.

"Wewe simama hapohapo," akaniambia. "Shikilia hicho kitu. Royce, ni wapi safari hii?"

Akamwambia. Alimwambia akitazama kikombe.

"Ni pakubwa?"

"Ndipo penyewe, Nadine. Ndipo nilipokuwa naenda siku zote."

"Najua. Nimekuwa nyuma yako njia nzima, nilikuwa nauona mgongo." Alisema bila ukali. "Miji saba hukuniuliza. Sikulaumu, mimi nami sikusema. Sasa niulize."

Lori la maziwa likapita. Kocha akaweka kikombe juu ya ngazi.

"Utakuja?"

"Hapana," akasema Bi Nadine. "Wewe nenda ukitaka. Sitakununia. Ukija Krismasi utakuta chakula. Lakini mimi nimechoka kuishi kama mgeni anayesubiri basi. Hapa najua nani amezaa, na nani anaumwa. Nazeekea hapa."

Akaingia ndani. Kocha akanitazama kama mtu anayesubiri mwamuzi apulize filimbi. Nikamkabidhi kibao chake, nikaenda kazini.

Siku ile na ya pili yake nilimwona amekaa ndani ya gari lake bila kuliwasha. Kibao hakikurudi kwenye nyasi, wala hakikutoka barazani. Alhamisi akaja uwanjani nikiwa nakusanya kamba za mistari.

"Nimewapigia," akasema. "Nimewaambia mke wangu amekataa."

"Wakasemaje?"

"Walicheka. Wakadhani nataka mshahara zaidi." Akaokota kipande cha kamba, akanisaidia kukikunja. "Njoo Jumapili ule kwetu. Vaa shati safi. Bibi amefungua sanduku."

Zilikuwa sahani nyeupe zenye mstari wa buluu, na moja ilikuwa imepasuka tangu mji sijui wa ngapi. Hiyo aliilia kocha mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulishinda kila mwaka. Hatukushinda. Vijana wale walimaliza masomo, waliowafuata hawakuwa kama wao, na akaja mkuu mpya wa chuo ambaye hakuwahi kukamua ng'ombe. Walimwachisha kocha kazi. Asubuhi iliyofuata nilitoka kung'oa vibao nikamkuta Bi Nadine kwenye bustani, ameshavikusanya vyote na nyundo mkononi.

"Usihangaike, Emil. Mbao nzuri hizi. Nyanya zangu zilikuwa zinalala chini."

Kiangazi kile nyanya zake zilipanda juu ya maneno NYUMBA INAUZWA, na Ludvik alikuwa akisimamisha gari kuzitazama. Kocha akapata kazi ya historia katika sekondari ya mji, hakuendesha tena timu yoyote. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kama anajuta.

"Kila Jumamosi mchana," akasema. "Nasikiliza redio, nasikia uwanja wao unavyonguruma. Halafu jioni Nadine anawasha taa ya jikoni."

Bi Nadine alifariki majira ya baridi miaka miwili iliyopita, ndani ya nyumba ile, na mtaa wote ulijua kabla gari la hospitali halijafika. Alijua nani anaumwa, na zamu yake ilipofika sisi tulijua. Kocha akabaki peke yake na moyo mbovu. Mwezi wa nne binti yao akaja kutoka Denver kumchukua.

Nilivuka kwenda kuaga. Binti alikuwa ameshapakia sanduku la sahani, limefungwa tena kwa kamba. Kwenye nyasi Sobotka mdogo, mtoto wa yule dalali, alikuwa amesimika kibao kipya. Kocha alikuwa kiti cha mbele cha gari la binti, blanketi miguuni, kioo kimeteremshwa. Nilitaka kusema kitu, nikajikuta nakitazama kile kibao, na mikono yangu nimeitoa mifukoni.

Akaniona. Akatoa mkono dirishani, akanishika kifundo cha mkono.

"Emil, bwana," akasema. "Safari hii kiache."