Majani Ndani ya Karatasi za Mzigo

Nilichokiona kwanza kwa dereva yule ni majani makavu yaliyochungulia kwenye faili lake la karatasi za mzigo. Kila Alhamisi hufika ofisini kwetu, Bandari ya Jeddah, akitoka Riyadh. Hujifuta grisi vidoleni, kisha huyapanga majani mezani polepole kama mtu anayepanga mayai. "Yalla, tazameni! Mzabibu wa Riyadh, njano. Mzabibu wa Taif, nyekundu. Hapa kwenu kijani tu, mafi baridi, hakuna baridi kabisa!" Hucheka kabla yetu.

Karani mwenzangu, Fidel, alimbishia: "Mzee, hiyo ni mizabibu ya aina mbili." Basi mwezi Machi dereva alikata vijiti viwili vya mkomamanga mmoja, akapanda kimoja kwenye ndoo mlangoni petu, kingine kwenye gereji yao mtaa wa Batha, Riyadh. Sasa ni Desemba, na wetu ungali kijani. Dau lao ni hili: wake ukigeuka rangi, Fidel atawapikia chapati wenzake wote anaoishi nao chumba kimoja hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah. Usipogeuka, atapika dereva.

Jana alipiga simu. "Fidel, nunua unga, kijana wangu. Jani nakuja nalo Alhamisi."

"Porojo hizo, mzee!" Fidel alijibu. Lakini asubuhi hii nimemkuta akimuuliza mpishi wa kantini ya bandari chapati hukunjwa vipi.