Dereva wa greda aliyeikataa barabara ya mgeni

Umande haujakauka kwenye migomba, na Tharsisi Habonimana yuko ndani ya mtaro, matope yamemfika magotini. Anachota udongo kwa chepe na kuutupa mbali. Hafukui taratibu. Anafukua kama mtu anayegombana.

Wanaopita na baiskeli, nyuma wamefunga mikungu ya ndizi na viroba vya maharage, wanapunguza mwendo. "Mwakeye, mheshimiwa," wanamsalimu kwa Kiha, baadhi kwa heshima, baadhi kwa utani. Anaitika bila kuinua kichwa.

Hapa ni Kata ya Murungu, wilayani Kibondo, na leo ni siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Kampeni za ubunge zimeanza. Wagombea wengine wanapita na magari yenye vipaza sauti na vijana wa kuimba. Tharsisi, mwenye umri wa miaka 48, hana gari. Asubuhi anazibua mitaro pamoja na wanakijiji, mchana anaendesha trekta la mkulima mmoja kwa kibarua, na jioni anasimama juu ya kreti la soda kuomba kura.

Anapoulizwa kwa nini mgombea ashike chepe, anakasirika kabla hajajibu.

"Barabara za huku haziuawi na magari, zinauawa na maji," anasema. "Mtaro ukiziba, mwaga kifusi unachotaka, mvua mbili tu kimekwenda mtoni. Kila anayelipwa kusimamia barabara analijua hilo. Wanalijua, na wanaacha."

Tharsisi alizaliwa Kagerankanda, wilayani Kasulu. Baba yake alikuwa Mha, mkulima wa mihogo na maharage. Mama yake aliingia nchini akiwa msichana, pamoja na wazazi wake waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Nyumbani walizungumza Kiha cha baba kilichochanganyika na Kirundi cha mama, na Kiswahili alijifunza shuleni kwa viboko, kama wenzake.

Alipomaliza kidato cha nne hakukuwa na ada ya kuendelea. Akapata kibarua kwa mkandarasi wa barabara, kazi ya kubeba mawe na kuchota maji ya kushindilia. Fundi mmoja alimwona anavyoitazama mitambo, akamruhusu kupanda. Baada ya miaka michache akawa dereva wa greda, kisha akaajiriwa serikalini, na kazi hiyo akaifanya kwa zaidi ya miaka kumi na tano, katika Kasulu na Kibondo.

Aliipenda. Anasema alikuwa akijua kilichomo ardhini kwa mlio wa kisu cha greda: mlio mkali ni mwamba, mlio mzito ni udongo uliolewa maji. Alioa akiwa kazini, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma Murungu, akasomesha watoto wanne.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, kuna jambo lilianza kumkera. Greda haikuwa ikienda kwenye barabara mbovu. Ilikuwa ikienda kwenye barabara atakayopita mgeni.

Kiongozi akisikika anakuja kuweka jiwe la msingi au kufungua darasa, mkuu wake wa kazi alimpigia simu, dizeli ikapatikana siku hiyo hiyo, na kipande kile kile kikachongwa tena, hata kama kilichongwa miezi miwili nyuma. Madereva walikuwa na jina lake: barabara ya mgeni. Vijiji vya milimani vilivyoomba greda kila msimu viliambiwa mafuta hakuna.

"Mwanzoni tulicheka," anasema. "Ukiwa na mshahara unaweza kucheka mambo mengi."

Aliacha kucheka mwaka juzi, mwezi Machi.

Mvua zilikuwa nyingi. Juu ya Murungu kuna kitongoji kiitwacho Nyarurama. Kalavati lililopitisha maji chini ya barabara yake lilikuwa limesombwa, likabaki korongo lisilovukika kwa gari wala pikipiki. Wakazi walikuwa wameliripoti tangu msimu uliopita. Asubuhi hiyo Tharsisi alikuwa bondeni akichonga barabara kuu ya kata, ambayo haikuwa na shimo lolote la maana, kwa sababu mgeni alitarajiwa mwisho wa wiki.

Wanaume wanne wakatokea kwenye njia ya Nyarurama wamebeba machela ya miti. Juu yake alikuwa Nadine, mama wa watoto wawili, mwenye uchungu tangu jana yake. Aliyeshika mbele alikuwa mumewe, Venanti, mkulima wa maharage. Walikuwa wamevuka korongo maji yakiwa kifuani, machela ikiwa juu ya vichwa vyao.

Tharsisi alizima mtambo, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Lilifika upesi sana. Barabara ilikuwa nzuri.

Nadine aliokolewa hospitali. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Wahudumu walimwambia Venanti kwamba mkewe angefikishwa jioni ya jana, habari ingeweza kuwa nyingine.

Siku iliyofuata Venanti alirudi kwa baiskeli ya kuazima. Mwili wa mtoto ulikuwa mbele yake, umefungwa kwenye kitenge. Alipita pale pale Tharsisi alipokuwa akimalizia kazi, akashuka, akamsalimu, akamshukuru kwa ile simu.

"Alinishukuru," anasema Tharsisi, na hapo sauti yake inapanda hadi wenzake mtaroni wanageuka. "Amembeba mwanawe aliyekufa, anapita kwenye barabara laini kama sakafu, ananishukuru mimi. Afadhali angenitukana. Ningejua la kumjibu."

Venanti alipanda tena baiskeli, akaendelea. Tharsisi akawasha greda, akainua kisu, akageuza mtambo kuelekea Nyarurama.

Habari ilimtangulia. Alipofika korongoni, watu walikuwa wakishuka na majembe, mapanga na magogo. Wanawake walibeba mawe kwa mabeseni. Yeye alisukuma udongo, wao wakapanga magogo na mawe chini yake, wakaacha njia ya maji. Jioni, baada ya maziko, Venanti naye alikuja na jembe lake. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Mkuu wa kazi alipiga simu. Tharsisi alimweleza alipo na anachofanya. Aliamriwa arudi mara moja. Akazima simu, na kesho yake akaendelea mpaka dizeli ya mgeni ikaisha.

Mgeni alikuja. Kipande cha mwisho kilikuwa hakijachongwa, mvua ya usiku ikakilainisha, gari moja la msafara likakwama kwenye tope, na watu wenye suti wakashuka kulisukuma.

Wiki iliyofuata Tharsisi alisimamishwa kazi, na baadaye akafukuzwa. Kosa lake liliitwa matumizi mabaya ya mali ya umma. Alikata rufaa na akashindwa. Ofisi iliyokuwa imemwajiri ilipoulizwa na mwandishi wa makala haya, ilijibu kwamba suala hilo lilishughulikiwa kwa taratibu za utumishi na limefungwa.

Yeye ana maelezo yake. "Kuchonga barabara nzuri mara tatu kwa mwaka ni matumizi halali. Kuchonga barabara mbovu mara moja ni matumizi mabaya. Hiyo ndiyo kanuni niliyofukuziwa."

Nyumbani kwake hasira ina sura nyingine. Mkewe, Esteri, anaanika mihogo uani na hamung'unyi maneno. Mume alikuwa na mshahara unaoeleweka kila mwisho wa mwezi. Sasa ana kibarua cha shilingi elfu kumi na tano kwa siku, siku ambazo trekta lina kazi. Binti yao wa pili amesimamisha masomo ya chuo kwa kukosa ada. Anasema majirani wanamsifu mumewe mbele yake, kisha wanarudi kwao, ambako watoto wao bado wanasoma.

"Sikuolewa na mbunge, niliolewa na dereva," anasema. "Alilofanya lilikuwa sawa. Lakini haki yenyewe tumeilipia sisi peke yetu, na hilo halinitoki moyoni."

Walipokuja kumwomba mumewe agombee, Esteri alitoka nje akawaacha wazungumze. Waliokuja walikuwa watu wa Nyarurama, wakiongozwa na Mwanahawa, mchuuzi wa dagaa anayezunguka vijiji vya milimani kwa miguu. Alikuwa amepita kitongoji kwa kitongoji akiwaambia watu kwamba wamechoka kuomba, sasa wamtume mmoja wao akadai. Chama kidogo kisicho hata na ofisi ya kudumu wilayani kilikubali kumsimamisha. Fedha ya fomu ilitokana na maharage: kila kaya ilitoa kidogo, yakauzwa sokoni Kibondo.

Jina lake lilipobandikwa tu, pingamizi likawekwa. Lilidai kwamba si raia, kwamba jina ni la Kirundi na mama ni mkimbizi. Ilimbidi arudi Kagerankanda kutafuta wazee waliomjua baba yake na babu yake. Walisafiri hadi Kibondo kutoa ushahidi, na pingamizi likatupwa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutembea. Mpaka leo, kwenye baadhi ya mikutano, kuna anayepaza sauti kutoka nyuma akimwita Mrundi.

"Miaka yote niliyowachongea wageni barabara," anasema, "hakuna aliyeniuliza mimi ni wa wapi."

Anayotaka kuyafanya bungeni hayana mapambo. Anataka sheria inayokataza fedha ya matengenezo ya barabara kutumika kwa sababu ya ziara. Anataka kila kata ibandike hadharani, kabla ya mvua, barabara zipi zitachongwa na kwa nini, na mtambo usihamishwe bila mkutano wa wananchi kuambiwa. Vikundi vya vijiji vilipwe kuzibua mitaro, kwa kuwa ni kazi ya chepe tu na huokoa mamilioni. Na anataka mtumishi wa umma anayekataa amri ya kipuuzi asikilizwe na watu wengine, si na yule yule aliyetoa amri.

Wapinzani wake wanasema ni mtu wa jambo moja, kwamba ubunge si udereva. Hakatai kwamba hajui mengi. Anauliza tu ni zahanati gani, shule gani, au gunia gani la maharage linaloweza kumfaa mtu ambaye njia yake imekatika.

Katika mkutano mmoja karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, kijana alisimama akasema kwamba wakimbizi ndio wanaoharibu mambo: barabara ya malori ya chakula chao ilitengenezwa, ya wenyeji haikutengenezwa. Watu walipiga makofi. Ingekuwa rahisi kwa mgombea aitwaye Mrundi kukaa kimya, au kuyaunga mkono makofi hayo.

Hakufanya hivyo. Alimwambia kijana kwamba mama yake mwenyewe alifika nchi hii akiwa mkimbizi, na kwamba lori la unga halikumnyang'anya mtu barabara. "Usimkasirikie mwenye njaa kwa kuwa chakula chake kimefika," alisema. "Mkasirikie aliyekwambia wewe usubiri." Makofi hayakurudi. Mwanahawa anadhani walipoteza kura mia mbili jioni ile, na anasema hajutii.

Korongo la Nyarurama lilipitika msimu mmoja. Mvua za mwaka uliofuata zililichimba upya, kwa sababu magogo si kalavati. Nadine, ambaye sasa ana mimba nyingine, amehamia kwa shangazi yake bondeni kusubiri kujifungua. Venanti anapanda na kushuka kuwaangalia watoto na shamba. Aliombwa asimame jukwaani asimulie yaliyompata, akakataa. Alisema mtoto wake si wa kampeni. Tharsisi aliagiza asiombwe tena.

Jioni ya siku ya msaragambo, mkutano unafanyika kwenye uwanja wa gulio Murungu. Hakuna muziki. Watu kama mia tatu wamesimama, wengi bado na majembe. Tharsisi amenawa miguu tu. Suruali ina tope lililokauka. Anazungumza kwa muda mfupi, kwa hasira ile ile ya asubuhi, Kiswahili chake kikiingiliwa na Kiha kila anapochemka.

Anawaambia wazi kwamba anaweza kushindwa. Wenzake wana magari, wana fedha, wana watu. Akishindwa atabaki hapa hapa, na ataanza na jambo dogo: kila kijiji kiandike barabara yake ilichongwa lini mara ya mwisho na ilichongwa kwa ajili ya nani, na majibu yasomwe kwa sauti mbele ya kila mgeni atakayekuja.

Kisha anaruhusu maswali. Mwanamke mmoja mzee, mwenye kanga iliyofungwa kifuani, ananyoosha mkono. Anasema wabunge wote aliowahi kuwachagua waliahidi barabara. Halafu anauliza kwa utulivu kama Tharsisi akishinda, siku atakayokuja kuwatembelea, watachongewa barabara.

Watu wanacheka. Tharsisi hacheki. Anashuka kwenye kreti, anamwendea yule mama mpaka wanatazamana.

"Bibi, siku nikija hapa kama mbunge na mkaona greda imenitangulia," anamwambia, "laleni barabarani. Msinipishe."