Upande wa Baba kwenye Sinia

Monique, mpambaji wa harusi pale Katwe, alidhani maputo ni ya sherehe tu, mpaka jioni ile binti yake Estelle alipofunga manne kwa fundo moja. Hata ukiyabana vipi, yaliachana yenyewe, kila moja likitafuta nafasi yake.

"Kila puto ni jozi ya elektroni, Mama, na ndivyo zinavyosukumana. Hapo ndipo molekuli inapata umbo." Akagusa matatu. "Kwenye amonia, haya yameshika hidrojeni. Hili la nne halijashika chochote, wala kwenye umbo hulioni. Lakini ndilo linalosukuma kuliko yote, mpaka haya matatu yanabanana."

Monique akatua sinia la bugali mkekani, Victoire mdogo akasogea. Wakakaa kama kawaida yao, watatu wamegusana magoti, na upande wa baba yao Zéphyrin, aliyerudi Bukavu mwaka juzi kutafuta nduguze asionekane tena, ukabaki wazi. Hakuna aliyewahi kuwaagiza wakae hivyo.

Monique akamega tonge, akabaki nalo mkononi.

"Hilo la nne," akauliza taratibu, "mwalimu hajasema mlitoe?"

"Likitoka, Mama, si amonia tena."

Ndipo akala.