Tangazo Lifike Kolo

Sisi tuliokulia Dodoma mjini miaka ile mashirika yanafungwa na mitumba inamwagwa sokoni, tulijua thamani ya betri. Redio yetu ilikula mawe manne, ndivyo tulivyoziita betri kubwa, na yakichoka hayakutupwa. Mama aliyaanika juu ya bati pamoja na mlenda wa kukausha, na jua la kwetu halijawahi kuwa bahili. Jioni yalikuwa yamerudisha nguvu kidogo, ya kutosha taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ukiomba muziki, Mama alikuwa na jibu moja: "Kaimbeni wenyewe, midomo mnayo."

Tukaenda kuimba wenyewe. Tulicheza rede mpaka vumbi likaingia kwenye kope, tukala zabibu zilizopondeka ambazo wauzaji walikuwa wanazitupa, tukarudi nyumbani na midomo ya zambarau tukiapa kwamba hatujala kitu. Baba alikuwa amepunguzwa kazini, anauza viatu vya mtumba, na sisi hatukujua kama tulikuwa maskini. Hakuna aliyetuambia.

Jioni moja redio ikataja jina la babu, baba yake Mama, wa kule Kolo, Kondoa. Sauti ilikuwa imefifia, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mama akainua kiganja tunyamaze. Mama Chiku, jirani yetu, alikuwa anatwanga uani kwake. Akashusha mchi mwenyewe bila kuambiwa. Hata watoto waliokuwa wanacheza kombolela waliganda walipokuwa. Tukasikia: mazishi kesho baada ya adhuhuri. Kwetu Waislamu maiti haikawizwi, ukichelewa umechelewa. Alfajiri Mama alipanda lori la mahindi, akafika, akamwona baba yake kabla hajafunikwa sanda usoni. Mpaka leo hamlaumu mtu kuhusu kifo kile. Ni zawadi kubwa hiyo, na wengi hawaipati.

Shule niliishia la saba, sikuchaguliwa. Lakini Mungu hakunitupa. Intaneti kafe za mwanzo zilipofunguliwa mjini, Bwana Hamisi, mwenye moja karibu na stendi, aliniacha nikae kwenye kompyuta saa ambazo wateja wamekwenda kula. Nikagundua kwamba ukurasa wowote ungeweza kuufunua ukauona utumbo wake, maneno yote yanayouendesha, wazi kabisa. Nikanakili, nikaharibu, nikarudia. Walimu wangu walikuwa watu wa mbali nisiowajua majina, walioacha kazi zao wazi ili mshamba wa Dodoma naye asome. Nawaombea dua mpaka kesho.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya matangazo ya watu wa Kondoa: misiba, ng'ombe waliopotea, barabara imekatika wapi. Maneno matupu, hakuna picha, kwenye ukurasa mweupe. Ilifunguka kwenye simu ya aina yoyote, hata pale mtandao unapopatikana mpaka usimame juu ya kichuguu.

Baadaye kampuni moja ya vijana ikaniajiri, ikaichukua na tovuti yangu. Hapo ndipo nilipokutana na Edgar. Nitamtaja, pamoja na bosi wake Doreen, maana walichofanya walikifanya mchana kweupe. Waliweka picha zinazotembea. Waliweka kisanduku kinachokuuliza unakubali au hukubali, na mkulima hajui anakubali nini. Wakadai mtu ajisajili, asubiri namba ya siri, ndipo asome nani amekufa. Ndani yake walirundika vipande elfu vya programu vilivyoandikwa na watu ambao Edgar mwenyewe hawajui, na kimoja kikiugua, nyumba nzima inalala chini.

Nikamwambia, "Edgar, Kolo ukurasa haufunguki. Unazunguka tu mpaka bando linaisha."

"Dada Zuhura, mtumiaji wetu ana simu kubwa."

"Mtumiaji yupi, mama yako?"

"Mama yangu yuko Dar."

"Basi amshukuru Mungu, maana angekuwa Kolo, mwanawe angemfungia mlango."

Wenzake walicheka. Doreen hakucheka. Akasema mimi ni wa zamani, wawekezaji wanataka kuona kitu kinang'aa. Mwezi huo huo mzee mmoja wa Kolo akafika kumzika dada yake, akakuta watu wanakunja majamvi. Tangazo lilikuwemo tangu jana yake. Nilipoleta habari hiyo kwenye kikao, Edgar aliuliza simu ya mzee ni toleo gani. Mimi nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, wakanipunguza kama walivyompunguza baba yangu.

Nilirudi nyumbani Nzuguni, pembeni ya Dodoma mjini, nikaandika ukurasa mwingine, maneno matupu tena, nikawapigia watu wa Kondoa mmoja mmoja kuwapa anwani. Vijana wakiuona wanauliza umeharibika au ndivyo ulivyo. Ndivyo ulivyo.

Masika iliyopita nilipigiwa simu na sauti nisiyoijua, nyuma yake majembe yanagonga mawe. "Dada, sisi wa Kolo. Tangazo la mama mdogo tulilisoma asubuhi. Tumefika, ndio tunachimba." Nikasema poleni, nikasema tena poleni.

Enzi zetu tangazo lilisomwa mara moja tu, kwa sauti ya nyuki, na mtaa mzima ulihakikisha limemfikia mwenyewe. Leo linaweza kukaa hewani mwaka mzima, linang'aa, na mtoto wa marehemu asilione. Wajuzi ni wengi kuliko zamani, na wengi wana vyeti ambavyo mimi sitavipata. Siwaonei wivu. Mimi nililelewa na watu waliojua kwamba upande wa pili wa tangazo kuna mtu anayetaka kuwahi.