Gari Lililokataa Mbuzi

Juzi nilikuwa sokoni Wote, nimesimama nyuma ya pikapu ya mtu nikijikinga jua, upepo ukaniletea harufu ya mbuzi iliyochanganyika na ya petroli. Kila moja peke yake hainifanyi kitu. Zikija pamoja, nacheka peke yangu, na mwenye pikapu akaanza kunitazama kama anayetafuta jamaa zangu waje wanichukue. Wacha niwaeleze ninyi, ili siku mkinikuta katika hali hiyo msinikimbie.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni nje kidogo ya Ikutha, na Baba alikuwa na gari moja tu, pikapu nyeupe ambayo vumbi lilikuwa limeshaigeuza rangi ya barabara. Mdogo wake, Kioko, ambaye sisi watoto tulimwita Ankal, alikuwa amempata msichana wa Tawa aitwaye Mumbua. Kwetu Ukambani ndoa haianzi kanisani. Huanza siku watu wa mvulana wanapopeleka mbuzi watatu nyumbani kwa msichana, mbuzi wa ntheo. Kabla mbuzi hao hawajalia katika boma lile, unaweza kumwita mke wako upendavyo, lakini bado ni binti wa watu.

Jumamosi ya kwanza tuliondoka asubuhi, Baba na tai yake, Susu, yaani nyanya yangu, na Biblia yake, Ankal na viatu vilivyong'aa hadi nikajiona ndani yake. Mimi nilikaa nyuma na mbuzi, waliofungwa karibu na mlango wa nyuma. Tulivuka mto wa mchanga vizuri. Tulipoanza kupanda ng'ambo, gari likakohoa mara moja na kuzima. Tukawashusha mbuzi ili tulisukume, lakini Baba alipojaribu ufunguo likawaka lenyewe kwa furaha. Tukawapandisha mbuzi. Likazima. Kufikia saa sita tulikuwa tumewashusha na kuwapandisha mara nyingi hivi kwamba mbuzi wenyewe, wakisikia kimya tu, walisimama tayari kuruka chini.

Tulirudi nyumbani. Baba akasema ni betri. Baba alikuwa na njia yake ya kutafuta ugonjwa wa gari: aliingia katika duka la vipuri na kuuliza watu wenye shida kama yake hununua nini. Alienda Kibwezi akarudi na betri. Hakuridhika, akaenda tena, akarudi na altaneta, mtambo wa kuchaji betri. Mwisho akaleta pampu mpya ya petroli ndani ya boksi lililometameta kama zawadi ya harusi. Baada ya kila kipuri alilijaribu gari, akaenda sokoni, akabeba hata magunia ya ndengu, nalo halikuzima hata mara moja. Baba alirudi akipiga mluzi.

Susu hakupiga mluzi. Aliketi kwenye kigoda chake akichambua pojo, akasema gari halina kosa, ila linakataa mbuzi. Mmoja wao alikuwa ametolewa na jirani huku akinung'unika, na mbuzi wa manung'uniko, alisema Susu, hapeleki mtu popote. Kwa hivyo mbuzi yule akabadilishwa. Jumamosi ya pili tukavuka mto, tukaanza kupanda, gari likazima pale pale.

Wiki hiyo kila mtu alibadilisha alichoweza. Baba alibadilisha plagi. Susu alimbadilisha mbuzi wa pili kwa sababu ya doa alilokuwa nalo shingoni, ambalo mwanzoni alilisifu. Jioni moja, tukiwa tunakula, Baba alicheka akasema tumeshabadilisha betri, altaneta, pampu na mbuzi, na sasa kimebaki kubadilisha bwana harusi. Tulicheka hadi chai ikatupalia. Ankal naye alicheka, kisha akainuka kwenda kuangalia kama mbuzi wana maji, ilhali mimi nilikuwa nimetoka kuwanywesha.

Halafu simu ikaja kutoka Tawa. Babake Mumbua hakufoka. Alisema tu kwamba Jumamosi ya tatu angengoja hadi jua lipite juu ya paa, na baada ya hapo angeelewa kuwa tumekataa kwa adabu, naye awasikilize watu wengine waliokuwa wakibisha hodi. Susu alitaka tuazime lori la jirani. Baba akakataa kabisa. Tukifika na gari la kuazima, alisema, watadhani na mbuzi ni wa kuazima.

Ndipo Ijumaa alipokuja Ndinda, fundi wa umeme wa magari ambaye Ankal alimwita kutoka Kibwezi, amebebwa na bodaboda, mwanamke mfupi mwenye ovaroli na mfuko uliojaa nyaya. Baba akaanza kumtajia vipuri vyote kwa fahari, kimoja baada ya kingine. Ndinda alimwacha amalize.

"Mzee, sijauliza ulinunua nini," alisema. "Linazima lini?"

Baba akaitaja tena betri. Nadhani hilo hakuwa ameulizwa dukani. Susu akajibu kutoka kwenye kigoda.

"Likipandwa na mbuzi."

Baba alicheka kicheko cha kumwombea mamake radhi. Ndinda hakucheka.

"Basi leteni mbuzi," alisema.

Alikuwa na balbu ndogo ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Aliiunganisha kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu, akanipa niishike, akaniambia ikizima niseme. Gari likawashwa. Balbu ikawaka kiganjani mwangu, ya rangi ya papai, na sijawahi kupewa kazi iliyonifanya nijione mkubwa hivyo. Mbuzi wakapandishwa, wakafungwa nyuma kama kawaida. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja akasogea hadi pembeni kabisa, akinyoosha shingo ili aifikie leso ya Susu, na balbu ikafa. Injini ikafuata. Mimi nilisahau kusema, nikabaki nimeachama.

Ndinda akaingia chini ya gari, akatoka na kipande cha waya. Kwa nje plastiki ilikuwa nzima. Alipoikata, tukaona shaba imekatika ndani, ncha mbili zimegusana tu. Uzito ukisogea kwenye kona ile, bodi hushuka, waya huvutika, ncha huachana, na pampu hukosa umeme. Baba akauliza mbona magunia hayakulizima. Ndinda akamwambia gunia hulala pale ulipoliweka.

Aliunga waya, akaulegeza ili usivutwe tena. Kisha akalilowesha dole gumba kwa mate na kulipitisha juu ya pampu mpya, na jina la kiwanda likatoka lote likabaki kidoleni; ilikuwa bandia. Aliomba ile ya zamani. Tuliipata karibu na ghala, kuku wameketi juu yake, akairudisha mahali pake akisema hiyo itadumu hadi imzike mwenyewe.

Ankal alikuwa amesimama kando muda huo wote. Sasa akasogea.

"Kwa hivyo si mimi?" akauliza.

Ndinda alifuta mikono. "Wewe ulikuwa umekaa mbele, Kioko. Waya ulikatika nyuma."

Ankal alicheka hadi akaketi mchangani na suruali yake safi.

Tulifika Tawa kabla ya saa sita, mbuzi wakalia vizuri, na Susu akawaeleza wakwe jinsi yeye mwenyewe alivyolitengeneza gari.

Miaka mingi nimeisimulia hadithi hii nikimcheka Susu. Nilichelewa kuona kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa ametazama gari linazima lini. Alikosea sababu tu, wakati Baba, mwenye sababu za kisasa, hakuwa ametazama chochote. Swali la Ankal nalo nililicheka pamoja na wengine. Nililielewa nilipofika umri wake, baada ya jambo langu mwenyewe kunizimikia mlimani mara mbili. Zile wiki ambazo sisi tulikuwa tukibadilisha vipuri na mbuzi kwa vicheko, yeye alikuwa akijipekua kipande kwa kipande, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba yeye hana kasoro.